Macho ya Mama Ploti

Wote tuliowahi kupanga kwake tulimwita Mama Ploti, na sidhani kama kuna aliyejua jina lake lingine. Mimi nilikaa kwake Manyatta, hapa Kisumu, miaka mingi, chumba cha pembeni karibu na mfereji wa maji, na hata leo nikimkumbuka sina jina la kumtaja. Siku moja nilimsindikiza kanisani kwake, nikitumaini mchungaji atalitamka. Mchungaji naye akamwita Mama Ploti.

Alikuwa mchoyo wa maji. Naanza hapo kwa sababu kila mpangaji alianzia hapo. Mfereji wetu ulikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake, kiasi kwamba akisali hukujua ameshika kipi. Asubuhi alifungua mwenyewe, akasimama hapo na leso begani akisimamia ndoo zetu. "Maji ni ya Mungu," alikuwa akisema, "lakini mfereji ni yangu." Ukifua mashuka mara mbili katika wiki alikuuliza kama umefungua hospitali. Na huyo huyo, mpangaji wa chumba cha nyuma alipojifungua, alibeba ndoo kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, mpaka mzazi akaanza kumwomba apumzike. Sasa mtu kama huyu utamweka wapi? Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani yangu soko la Kibuye, na kazi yangu ni kumpima mtu nikajua vipimo vyake. Huyu nilimpima mwaka baada ya mwaka, na kila nikirudia tepu ilinipa namba nyingine.

Alikuwa na misemo ya kwake, mingi ikiwa ya kutukosoa. "Choo ni ya wote, aibu ni ya mmoja." Huo aliusema kila Jumatatu, na kila mmoja wetu aliona anasemwa yeye. Mimi aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Nilimwambia mimi si Mjaluo, kwetu ni Vihiga. Akanitazama kwa huruma. "Kwani Vihiga haizai mabinti?" Basi nikawa nyara.

Jioni alisikiliza matangazo ya vifo redioni, amesimama wima mlangoni kwake, mikono kichwani, akiwasikitikia watu ambao hakuwahi kuwaona. Kama msiba ulikuwa karibu alikwenda. Hakukosa kilio hata kimoja, na kwenye kilio hakuna aliyeimba kwa nguvu kumshinda. Lakini chakula kikianza kugawiwa ulimkosa. Ukimtafuta utamkuta nyuma ya nyumba ya watu amepiga magoti, anasugua sufuria kwa majivu. Nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye nikadhani ni majivuno, kwamba vyakula vya watu vinamtia kinyaa. Mara zote mbili sikupatia.

Maana kupika alipika. Jumapili akitoka kanisani alifunga mlango wa jikoni kwake, na harufu ikatutesa ploti nzima hadi mchana. Alipika kunde, mrenda, managu yaliyolala kwenye maziwa, na kila mboga aliitia kitu chake ambacho hakumwambia mtu. Kisha alipakua kwenye hotpoti, akafunga vifuniko kwa nguvu, akaweka moja kwenye kila kizingiti, akagonga na kuondoka kabla hujafungua. Mchoyo wa maji akatulisha watu wote wa ploti! Wala hakuna aliyewahi kumwona yeye mwenyewe akitia tonge mdomoni.

Na kama alikuwa na neno na wewe alipiga hodi kwa sauti ya muuza makaa: "Hodi! Mnakula?" Kama mlikuwa mnakula hakuingia. Aligeuka akawapa mgongo, akasema alilokuja kusema huku akiutazama ukuta wa choo, akamaliza, akaenda. Mara ya kwanza niliudhika sana. Nilijiuliza nimemkosea nini mama wa watu hata ashindwe kunitazama.

Aliyenifungua macho ni Mama Daisy, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akipika chapati za kuuza.

"Kwani hujui?" alininong'oneza, ingawa tulikuwa wawili tu. "Ako na sihoho."

Sihoho ni jicho la chakula. Mwenye nalo akiliona tonge lako, tonge hilo linakugeukia: tumbo linakata, mwili unavimba. Wanasema si lazima awe mbaya, si lazima hata atake. Kwetu Vihiga watu hao wapo, tunawaita kwa jina lingine, na mama yangu alinifundisha kufunika sufuria kabla hajanifundisha kusali. Kwa hiyo sikumcheka Mama Daisy. Lakini pia sikumwamini, maana Mama Daisy siku hiyo alikuwa amenyimwa maji.

Kisha mwili wangu ukaanza kunichanganya.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili. Nilikula kunde za hotpoti, nikatosheka, nikaketi kushona. Kabla sijamaliza pindo midomo ilianza kuwasha, na nilipojitazama kwenye kioo nilikuta midomo si yangu. Mabaka yakanitoka kifuani. Nilinunua tembe dukani, nikalala, ikapita. Nilisema ni joto, au ni rangi ya kitambaa kipya.

Mara ya pili nilikuwa kwa Mama Daisy, tunakula chapati na mboga. Mama Ploti alifika ana hasira, mtu ameacha mfereji ukivuja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisahau kupiga hodi. Alisukuma pazia, macho yakatua moja kwa moja kwenye sahani zetu. Akashtuka, akajifunika uso kwa leso, akarudi kinyumenyume hadi akagonga ndoo. Sisi tukacheka. Haukupita muda macho yangu yakaanza kufumba kwa uvimbe, na Mama Daisy hakucheka tena.

Mara ya tatu nilikaribia kufa, nalisema wazi. Tulikuwa tumekwenda Dunga, mimi na Mama Ploti, kununua omena, wale dagaa wa ziwa. Njaa ikaniuma, nikaingia kibanda cha samaki pale ufukoni, nikaagiza samaki wa kukaanga na ugali. Yeye akakataa kula. Aliketi upande wa pili wa benchi akinipa mgongo, anatazama ziwa, ananisimulia habari za mpangaji mmoja. Mashua ikafika upande wangu, wanawake wakaikimbilia kwa karai na kelele, naye akageuka kutazama. Alipogeuka nilikuwa na kipande cha samaki mkononi. Tulitazamana. Koo likaanza kuniwasha kwa ndani, mahali ambapo huwezi kujikuna, kisha pumzi ikawa nyembamba. Nakumbuka pikipiki, na mkono wake umenizunguka kiunoni, na sauti yake ikimpigia kelele mwenye pikipiki kwa Kijaluo njia nzima.

Nilipozinduka hospitalini alikuwa ameketi kando ya kitanda. Muuguzi aliniletea uji. Mama Ploti akageuza kiti, akaelekea ukutani, na ni ukuta aliousimulia, si mimi.

"Nikiolewa, mama ya bwana yangu aliumwa tumbo. Wakasema ni hii macho. Wakaniambia nikule nyuma ya ghala. Nilikula nyuma ya ghala mpaka bwana akanileta Kisumu."

"Na wewe unaamini, Mama?"

Alingoja nimalize uji.

"Mimi sijui, nyara. Unajua jicho yako ikiangalia, huwezi iona. Sasa nitajuaje?"

Daktari wa zamu alisema ni aleji, yaani mwili wangu unakikataa kitu fulani na kukipiga vita, hata kama zamani ulikizoea. Kitu gani, hakujua. Alinielekeza kwa daktari wa aleji, mama mmoja anayetoka Nairobi mara moja kwa mwezi na kuona wagonjwa katika kliniki moja ya Milimani. Mama Daisy na wenzake kwa upande wao walikuwa na mwanamke wao wa Nyalenda, anayechanja ngozi na kusugua mpaka chakula kilichoangaliwa kitoke. Mama Ploti alisikia yote mawili, akaamua kama aamuavyo zamu za maji.

"Mpelekeni Nyalenda. Halafu mimi nitampeleka Milimani. Tutajua."

Nilimwelewa. Wenzangu walitaka kujua nilichougua, yeye alitaka kujua yeye ni nani. Kama daktari angepata kitu, basi uzee wake wote angeweza kuketi mezani na watu. Kama hangepata, jibu lingebaki lile la ghala.

Nyalenda nilikwenda, sitaki kujifanya msomi. Yule mwanamke alinichanja mara chache tumboni, akasugua kwa majani, akanionyesha kitu kidogo cheupe juu ya pamba. "Hiki," akasema. Niliuliza ni nini. Akasema ni chakula. Nikauliza chakula gani. Akakitupa.

Milimani tulitakiwa tufike baada ya mwezi hivi, mwili utulie kwanza. Mhudumu wa kliniki alinipigia simu na onyo moja: wiki nzima kabla ya kipimo nisinywe dawa yoyote ya kuzuia kuwasha, maana itauficha ugonjwa. Nilitii. Nilijikuna kwa heshima. Lakini siku mbili kabla ya safari nikashikwa na mafua, na Mama Ploti, alivyoona ninavuta kamasi, alikuja na chupa ya dawa ya maji.

"Kunywa. Hauwezi kwenda kwa daktari mgeni ukiwa mgonjwa. Atasema tunakaa namna gani?"

Ndivyo tulivyo. Mgonjwa wetu hafikishwi kwa daktari kabla hajaogeshwa, akapakwa mafuta, akavishwa nguo ya Krismasi na kuondolewa kila kitu kinachoonyesha kwamba anaumwa. Nilikunywa. Nilikatazwa dawa ya kuwasha, na hii ilikuwa ya mafua. Asubuhi ya safari akaninywesha tena, kijiko kilichojaa, akanifuta midomo.

Daktari wa aleji alikuwa mpole, mwenye miwani, na maswali hayakumwisha. Nilikula nini, saa ngapi, nilikuwa nimeshika kitambaa gani, nalalia godoro gani, kuna mende? Mama Ploti, aliyeketi nyuma yangu amevaa kilemba chake cha kanisani, aliona maswali yanapita pembeni.

"Daktari, andika pia mimi nilikuwa hapo."

"Wewe ni mama yake?"

"Mimi ni mwenye ploti. Hizo mara zote tatu nilikuwa hapo."

"Ni wewe ulipika?"

"Moja nilipika. Zingine niliangalia tu."

Daktari aliinua kalamu. Nafikiri alingoja sentensi imalizike, na ilikuwa imekwisha.

"Kuangalia hatupimi hapa, mama."

"Kwa nini hampimi? Si mnapima hata vumbi?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alimwambia tuanze na vinavyopimika. Akanilaza mkono juu ya meza, akauandika kwa kalamu kama ninavyochora kitambaa kwa chaki, akadondosha matone: samaki, yai, maziwa, karanga, simsim, ngano, vumbi, vitu vingi. Kisha akachukua vijisindano vifupi na kulichoma kila tone mara moja, juu juu.

"Kara, kumbe na yeye anachanja!" Mama Ploti alisema. Kisha akasimama, akasema anatoka nje, macho yake yasije yakaharibu kazi ya watu. Daktari alimwambia anaweza kukaa. Hakukaa.

Matone mawili yalikuwa ya mwongozo. Moja lilikuwa maji ya chumvi, lisilotakiwa kufanya kitu kwa mtu yeyote. La pili lilikuwa dawa inayovimbisha ngozi ya kila binadamu, iwe una aleji au huna. Tulingoja. Mkono wangu ulikaa pale umetulia, mzuri, laini. Hakikuvimba kitu. Hata lile la kila binadamu halikuvimba.

Daktari alilitazama lile tone la mwisho kwa muda, akaniuliza nimekunywa nini. Nikasema situmii dawa, isipokuwa ya mafua. Akafumba macho kidogo. Dawa nyingi za mafua, alinieleza, zina ile ile ya kuzuia kuwasha ndani yake.

"Kipimo cha leo hakina maana," alisema. "Sijasema huna aleji, na sijasema unayo. Urudi safari ijayo, bila dawa yoyote."

Hilo ndilo nililotoka nalo hadi kwenye benchi la nje. Nilijaribu kulieleza. Nilisema dawa imeuficha ugonjwa, kwa hiyo hawakuona kitu, lakini kutokuona kitu si kwamba hakuna kitu.

"Hawakuona kitu," Mama Ploti alirudia.

"Ndiyo, lakini..."

"Ero kamano, nyara." Asante. Akainuka, akakunja leso, akaita tuktuk ya kuturudisha Manyatta.

Ploti nzima ilikuwa inatungoja. Mama Daisy aliuliza wamepata nini. Nikasema wamepata kwamba hawakuweza kupata. Nilivyoendelea kueleza ndivyo nyuso zilivyoendelea kuelewa jambo ambalo sikulisema. Ilifika mahali hata mimi nilijisikiliza nikashindwa kujua ninamtetea au ninamshtaki.

Jumapili iliyofuata hakupika. Wala ile iliyofuata. Alianza kushusha kilemba hadi juu ya nyusi, akafungua mfereji akiwa ameinamia ndoo, na jambo lililonitisha kuliko yote, alisahau kuufunga. Maji yalimwagika mchana mzima na hakuna aliyegombezwa. Watu waliochoka na kelele zake miaka yote wakaanza kuzungumza kwa sauti ndogo, na mpangaji mmoja akahama. Mimi nilimhurumia mpaka nikakosa raha. Lakini nilipokuwa nakula na kivuli chake kikapita dirishani, koo langu lilijifunga lenyewe, na sikujua ni koo linalojua jambo au ni koo lililosikia maneno ya watu.

Mwezi uliofuata tulirudi Milimani. Yeye alikataa kuingia hata getini, akasimama upande wa pili wa barabara chini ya jua, mikono nyuma. Matone yale yale, vijisindano vile vile. Safari hii lile la kila binadamu lilivimba sawasawa. Maji ya chumvi yakatulia. Vumbi likavimba kidogo. Na lile la simsim likainuka likawa donge, likazungukwa na wekundu, likawasha hata nikataka kulia kwa furaha.

Simsim! Hapo nikakumbuka harufu ya kinu chake: ndicho kitu alichokuwa akikiponda na kukitia kwenye mboga zake. Nilivuka barabara mbio, nikamwonyesha mkono. Aliushika mkono wangu akauweka mbali na macho, kama watu wanaosoma bila miwani.

"Ni simsim, Mama. Si wewe. Ni simsim yako."

"Sasa si ni mimi?"

"Hapana! Ni chakula. Ningepikiwa na malaika bado ningevimba."

Nilimwona akilifikiria. Kona ya mdomo ilitaka kucheka. "Na kwa Mama Daisy?"

Hilo nililifuatilia siku hiyo hiyo. Mama Daisy aliapa kwake hakuna simsim, kisha akakumbuka kwamba ile wiki aliazima kinu cha Mama Ploti kupondea karanga za mboga. Kinu hicho hakijawahi kuoshwa kikaisha harufu ya simsim. Nilipiga makofi. Mbili zimepatikana.

"Na Dunga?" Mama Ploti akauliza.

Dunga nilikwenda mwenyewe. Mwenye kibanda alikuwa yule yule, akanisikiliza mikono ikiwa kwenye unga. "Simsim?" alisema. "Sisi hapa tutoe simsim wapi? Ni samaki, chumvi na mafuta." Mafuta gani? Akanionyesha mtungi. Hayakuwa ya simsim. Samaki kwenye kipimo hakuvimba, na samaki nimekula mamia kabla ya siku ile na mamia baada yake. Nilimpigia daktari simu. Alisema huenda sahani, huenda mkono wa mtu, huenda nilishika kitu njiani nikasahau, mara nyingine hatupati kila jibu. Aliposema huenda mara ya tatu nilitamani angesema sijui.

Nilimpelekea Mama Ploti zile huenda zote. Alizipokea kwa adabu. Jumapili alipika tena, bila simsim kwenye hotpoti yangu, na kufuli likarudi kwenye mfereji, na tukafurahi kugombezwa. Wengine walianza kusema wao walijua tangu mwanzo ni aleji. Nilimwomba aje ale nami, tuketi wawili tu. Alisema atakuja. Alifika mlangoni akapiga hodi, akauliza kama nakula, nikasema ndiyo, karibu. Akageuka akaniambia, mgongo ukiwa kwangu, kwamba kuna mtu ameanika nguo kwenye kamba isiyo yake.

Daktari alimponya nani basi? Mimi, kwa hakika. Sijavimba tena tangu nilipoacha simsim.

Baada ya miaka michache alimwachia mwanawe ploti, akarudi nyumbani kwa bwana yake, upande wa Port Victoria. Tulisikia anaugua, tukasikia hajambo. Mwaka huu kwaya moja ya huko iliniagiza sare, nikaamua kuzipeleka mwenyewe ili nipate kumwona.

Nilimkuta mchana, sebuleni, na nilisimama mlangoni nikidhani nimekosea nyumba. Alikuwa ameketi katikati ya watu. Mkeka umejaa wajukuu, wakwe, jirani na jirani, wote wanakula kutoka sinia moja, na yeye anakula pamoja nao, anabishana na kucheka, ugali umemganda kidoleni. Nikatoa salamu. Akainua uso kunielekea, na macho yote mawili yalikuwa meupe, yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Hiyo ni sauti ya Vihiga," alisema. "Nyara! Ingia ukule."

Mkwe wake alinipeleka kunawa mikono, na pale kwenye beseni alininong'oneza haraka. Madaktari wa macho walifika kituo cha afya, wakawapasua bibi wote wa kijiji, na bibi wote sasa wanaona. Yeye alijificha kwenye mahindi mpaka wakaondoka. Wanarudi wiki ijayo. "Anakupenda sana," akasema. "Tafadhali zungumza naye."

Nikarudi nikaketi karibu yake. Sikujua nianze vipi. Nilisema nimesikia habari za kupasuliwa, na kwamba ni jambo dogo, haliumi.

"Najua haiumi. Nilimuuliza daktari, ukinitoa hii nitaona kama zamani? Akasema kama zamani." Alimeza tonge. "Nikamwambia apeleke kwa mwingine."

"Mama, ilikuwa simsim. Tuliona wote."

"Simsim ilikuwa yako, nyara. Ulipimwa ukapewa yako. Mimi hakuna mtu amenipima." Aliyasema kwa upole, jinsi unavyomsemesha mtoto anayejitahidi. Mjukuu mdogo alipanda mapajani kwake, akachota mboga mbele ya uso wake, akala. Alimngoja mtoto amalize. "Unaona? Sasa wananiita. Zamani wakipakua nilikuwa nasikia tu vifuniko."

Mkwe alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Nilitaka kumwambia Mama Ploti apasuliwe, aone ziwa, aone wajukuu sura zao. Nilitaka pia asipasuliwe. Nilitaka zote mbili kwa moyo mmoja, na bado sijajua ipi ilikuwa ya upendo.

"Wewe niambie," akasema. "Hawa ni watoto, na hawa wengine watasema chochote nipasuliwe. Wewe ulivimba. Nikiona tena, utakula mbele yangu?"

Mikono yote iliacha sinia. Nilikuwa na kipande cha samaki mkononi.

"Nitakula," nikasema.

"Umechelewa kujibu," alisema, bila hasira yoyote, akapapasa sinia kwa vidole mpaka akalipata tumbo la samaki, akaliondoa miiba, akaniwekea upande wangu.